Ng'ombe Wangu Alivyojifunza Kuinuka

Mimi hasira ninazo tangu zamani, kuzaa kuliziongezea tu maziwa. Kwa hiyo siku bosi wa studio aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam, mwanangu akiwa na siku kumi na tisa duniani, akaniambia kwa sauti ya huruma, "Dada, wewe pumzika ulee, tumepata kijana hapa atakumalizia," nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama mkwe wangu anasoma.

"Hiyo katuni ni yangu," nilimwambia nilipomaliza yale maneno.

"Ni yako, dada, nani kakataa? Lakini kituo cha televisheni kinataka sehemu ya kwanza Ijumaa saa sita mchana. Ukileta, sawa. Usipoleta, kijana anachukua, na tusilaumiane."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Niseme kwanza nilivyofika hapo. Mimi ni mtoto wa Soweto, hapa hapa Moshi mjini. Kidato cha nne nilitoka na cheti ambacho mama yangu alikiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya mapazia. Nikaanza kuchora kuta za saluni. Vichwa vya wanawake, misuko ya kila aina, na wote niliwachora wakiangalia pembeni kwa sababu uso wa mbele ulikuwa unanishinda. Mwenye saluni mmoja aliniuliza, "Mbona wote wanaangalia mlangoni? Wanakimbia bei?"

Huyo huyo ndiye aliyenikuta siku moja nimechora jicho ukutani, nikalipiga picha kwa simu, nikalifuta kidogo, nikachora tena, nikapiga tena. Nilipozipitisha picha haraka haraka, yule mwanamke wa ukutani akakonyeza. Mwenye saluni alipiga ukelele, akaacha mteja na nusu kichwa. Mimi nilijua siku hiyo kwamba sirudi tena kwenye rangi za kuta.

Miaka ikapita, kazi za tangazo la sabuni hapa, herufi za watoto pale. Tableti yangu ya kwanza ilipitia mpakani Holili, kioo kimepasuka kwenye kona, na bado ninayo. Halafu nikapata wazo langu mwenyewe: ng'ombe wa mlimani ambaye hajawahi kutoka bandani. Huku juu ng'ombe haendi malishoni. Majani na migomba vinamfuata kwa kichwa cha mtu. Basi ng'ombe wangu ana kiu ya habari, anamtuma kuku akaone dunia, na kuku kila anachorudi kusimulia amekielewa kinyume. Sehemu ya kwanza inaanza ng'ombe amelala. Anasikia kitu nje. Anainuka, kwa mara ya kwanza, kuchungulia juu ya uzio. Hapo ndipo kipindi kizima kimesimama.

Studio wakakipenda. Nikaolewa na mwongoza wageni wa mlimani. Nikazaa.

Na nilipozaa nilipandishwa Uru, kwa mama mkwe, kukaa uzazi kama wanavyokaa wanawake wa kwao. Miezi mitatu. Hushiki ufagio, huinami, hupiti mlangoni bila kufunikwa. Unakula mtori mpaka unaanza kuota ndizi. Mume wangu alikuja mara mbili, akacheka, akarudi kwa wageni wake. Siku ya tatu mama mkwe alinikuta nimeegemea mito, mtoto kwenye titi, tableti kwenye goti, nachora. Alinyoosha mkono, akachukua ile kalamu ya tableti, akaichomeka ndani ya kilemba chake, akaenda kukamua.

Kwa siku kumi na sita kalamu yangu ilizunguka kihamba kizima, nyumba, banda na migomba, kichwani mwa mama mkwe. Niliiona ikichungulia akiniletea uji. Niliiona dirishani ikipita na mzigo wa majani. Jumapili ilienda kanisani.

Ndiyo maana simu ya bosi ilipokatika Jumanne ile, nililia. Nililia kwa hasira. Huyu ananiambia pumzika ili achukue kazi, yule ananiambia pumzika na kazi ameivaa. Mtoto naye akaanza. Mama mkwe akaingia mbio na bakuli mkononi.

"Nini? Mtoto?"

"Mtoto mzima, mama. Ni kazi yangu wanaichukua."

"Unalia, maziwa yatakimbia."

"Basi yakimbie!"

Alikaa kitandani. Akasema, "Haya. Nionyeshe hicho kinachokuliza."

Nikamwonyesha. Sekunde thelathini nilizokuwa nimemaliza kabla ya uchungu. Ng'ombe amelala, sikio linacheza, anafungua macho, anainuka.

Mama mkwe alisogeza uso karibu na kioo.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Huyu ng'ombe anaumwa nini?"

"Haumwi, mama. Anainuka."

"Anaumwa. Ng'ombe akianza kuinuka na miguu ya mbele, mimi naita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Amemeza msumari huyu."

"Mama, ni katuni."

"Na katuni imemeza msumari. Umewahi kumwona ng'ombe akiinuka, wewe?"

Mtoto wa Soweto ng'ombe namjua kwenye ndoano ya buchani. Nilikuwa nimemwangalia farasi kwenye simu, nikamwongezea pembe. Na nilikuwa nakwenda kuwaonyesha watu wa mlima mzima, ambao ng'ombe wanalala nao ukuta kwa ukuta.

"Nipeleke bandani nikaangalie," nikasema.

"Na uzazi? Upepo ule? Thubutu!"

Akaweka bakuli chini. Akakaza kitenge. Halafu yule mama, mzee wa kanisa, ambaye hata kucheka huziba mdomo, alishuka sakafuni akalala kwa tumbo, akakunja mikono chini ya kifua.

"Angalia vizuri, sirudii. Kwanza kichwa kinakwenda mbele, hivi, kujipa uzito. Magoti ya mbele yanabaki chini. Halafu nyuma. Nyuma kwanza! Makalio juu, miguu ya nyuma imesimama yote. Unaona? Sasa mguu mmoja wa mbele. Sasa wa pili. Halafu anajinyoosha mgongo, anakojoa. Hapo mwisho sitakuonyesha."

Nilikuwa nimeshika simu, nimemrekodi kuanzia kichwa. Kalamu ilidondoka kutoka kwenye kilemba ikabingirika mpaka miguuni pa kitanda. Tukaiangalia wote wawili. Yeye ndiye aliyeiokota.

"Unamaliza bakuli, ndiyo unachora," alisema. "Bakuli jingine, unachora tena. Mtoto akilia, unaacha."

"Aika, mae," nikamshukuru, Kichagga changu chote.

Ng'ombe wangu anatumia sekunde tatu kuinuka, na kila sekunde ni picha kumi na mbili. Nilifuta zote thelathini na sita. Jumatano na Alhamisi nilikula mtori kama ninalishwa kwa mashindano, na mama mkwe alikuja kukagua kama anakagua mkia wa ndama: "Goti hilo limechelewa." "Hapo amechoka mno, ng'ombe gani huyo, wa mchungaji?" Ijumaa asubuhi nikatuma. Saa nne ikawa imefika.

Saa tano na robo bosi akapiga. Nikaweka sauti kubwa maana mtoto alikuwa mkononi.

"Nzuri sana, dada. Ila ng'ombe umemkosea. Anaanza kuinua makalio, inachekesha vibaya. Yule kijana atakurekebishia, dakika tu."

Nilifungua mdomo. Mama mkwe aliwahi simu.

"Wewe kijana, hujaniamkia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maziwa unakunywa?"

"Nakunywa, mama."

"Unayatoa wapi?"

"Ya... ya paketi, mama."

"Basi. Huyo ng'ombe usimguse. Na huyo kijana wako asimguse. Na jina la mwanangu uliandike kubwa, nione bila miwani."

"Sawa, mama."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Ng'ombe hakuguswa, akapelekwa kituoni kabla ya saa sita, jina langu chini yake. Lakini hayo niliyajua baadaye. Saa ile mama mkwe alikata simu, akanipokonya kalamu, akaichomeka kwenye kilemba.

"Sasa lala," akasema.

Nilikasirika kweli kweli. Kisha nikalala mpaka saa kumi.