Tupekue Sisi Kwanza

Juzi polisi wawili walipiga hodi kwa jirani yangu hapa Mkunya, wakaniita niwe shahidi. Hati ya upekuzi hawakuwa nayo.

"Ni dharura, baba. Sheria inaruhusu," alisema mkubwa wao. Mlangoni akainua mikono. "Shikamoo mama. Tupekue sisi kwanza, ni haki yako."

Jirani alijifuta unga wa muhogo kwenye kanga, akacheka kwa aibu. "Marahaba. Nianze kumpapasa mtoto wa mwenzangu? Piteni tu."

Nyuma ya kinu ikatoka chupa ya gongo. Mama yule hanywi wala hapiki pombe, lakini yuko kituoni.

Tangu hapo situlii. Mahakamani nitaapa kwamba niliiona chupa ikitoka. Kama iliingia nao, adabu yetu ndiyo iliyoipisha mlangoni.