Maganda ya Kitunguu Saumu

Nimezaliwa Mbulu, ambako kitunguu saumu ni zao la shamba kama mahindi. Tulikilima, tukakivuna, tukakijaza kwenye magunia, tukakiuza. Nikikohoa, mama alinipa maji ya moto na kuniambia niwahi shule. Kwa hiyo nilipopangiwa kufundisha Ujiji, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nilishangaa kukuta kitunguu nilichokizoea kimepewa cheo cha daktari.

Bibi alikuwa nacho kwa kila jambo. Sikio likiuma, alipasha punje kwenye kijiko cha mawese, akasubiri mafuta yapoe, akadondosha tone moja. Kifua kikinibana mimi, alitwanga punje tatu akachanganya na asali. Mtoto mchanga alifungiwa punje mkononi kwa kitambaa cheusi mpaka arobaini ipite, kijicho kisimpate. Kizingiti kilipakwa ili nyoka wasiingie. Mwenyewe alitafuna punje mbili kila asubuhi kwa ajili ya presha, isipokuwa siku za maulidi, asije akawakera wenzake kwa harufu.

Mimi kila nilichokiona nilikiulizia, na kila nilichojibiwa nilikiandika kwenye daftari.

"Kwa nini tatu, Bibi, zisiwe nne?"

"Kwa sababu ni tatu."

"Na kitambaa kikiwa cheupe?"

"Mwalimu, hao wanafunzi wako wanakuvumiliaje?"

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni maganda. Maganda ya kitunguu hayachomwi moto. Ukiyachoma unauita ufukara ndani ya nyumba. Bibi aliyaweka kwenye kopo, likijaa akayafukia chini ya mgomba. Jambo hili lilininyima raha kabisa. Baba yangu alichoma marundo ya maganda kila msimu pembeni mwa shamba, na hatukufilisika. Kweli, hatukutajirika pia. Sasa nani alikuwa sahihi?

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa kutoka Kongo, wengine wakaingia kwa miguu kutoka Burundi, na malori yakawachukua kwenda kambini. Mama mmoja kijana, Mrundi, aliomba maji mlangoni kwetu akiwa na mtoto wa miezi michache mgongoni. Mtoto alikuwa anakohoa hadi anakosa pumzi. Bibi alimsikiliza kifua, akafungua stoo, akatandika mkeka.

"Akipona mtakwenda huko kambini," alisema. "Na kikohozi hiki, kwenye turubai, hapana. Huyu atakufa."

Yule mama akawa anapika, anachota maji na kuzoa majivu. Zahanati walimpa mtoto dawa ya maji, na Bibi akaongeza ya kwake. Kitunguu saumu yule mama alikiita tungurusumu, na kwao walikipaka nyayoni pamoja na mafuta. Bibi alishikilia kwamba kinapakwa kifuani. Walibishana wakicheka, mwisho wakapaka kote kuwili, mtoto akanukia kama pilau. Nikayaandika yote hayo kwa furaha kubwa. Kikohozi kikaanza kulegea, ingawa usingizi wake bado ulikuwa wa kukatikakatika.

Alhamisi moja alasiri Bibi alikwenda msibani mtaa wa Mwanga. Nikachukua lile kopo nikamwaga maganda yote kwenye moto wa mafiga. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kuona, basi. Yaliwaka upesi, yakatoa moshi mchungu kidogo, yakaisha. Nilipogeuka, yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji kichwani. Nikamchekea kama mtu aliyefumaniwa akilamba sukari. Naye akanichekea, akaitua ndoo yake.

Ijumaa mvua ikanyesha ghafla, na dagaa wote wa biashara ambao Bibi alikuwa amewaanika ufukweni Katonga wakaloa. Kufika Jumamosi walikuwa wanaoza. Mtaji wake wote ulikuwa pale mchangani. Alirudi nyumbani amekunja uso, akainama mafigani kuwasha moto, na kando ya majivu akaona vipande vya maganda vilivyoungua nusu.

Mimi nilikuwa chumbani nasahihisha kazi za wanafunzi. Nilisikia kila kitu.

"Nani kachoma haya?"

Nikasikia kopo tupu likitikiswa.

"Nauliza, nani? Mwalimu anaujua mwiko huu, hata kauandika. Ni wewe?"

Mgeni ni kuku mweupe, haraka sana huonekana. Nilisimama, nikashika pazia la mlango, na sikutoka. Nilijiambia namsubiri Bibi apoe. Uongo mtupu. Niliogopa kuonekana mpumbavu mbele ya Bibi, aliyeniita msomi. Nikamsikia yule mama akijibu kwa sauti ya chini ambayo sikuidaka, kisha Bibi akalia, na baadaye nyumba ikatulia.

Jumapili nilirudi kutoka kanisani nimeapa kusema. Nilimkuta yule mama anapika nje, chini ya mchirizi wa paa, kwenye mawe matatu aliyojipangia mwenyewe. Bibi alikuwa ndani anaswali adhuhuri.

"Akimaliza kuswali namwambia ni mimi," nikamnong'oneza.

"Hapana, mwalimu. Nimeshamwambia ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ningesema si mimi, angeniuliza ni nani. Ningekutaja wewe? Angemwamini nani?" Aliusonga ugali kidogo. "Nikasema ni mimi, sikujua, anisamehe. Akawalilia dagaa wake. Halafu akasema mgeni hajui miiko ya watu, nikae mpaka mtoto apone. Ila mafiga yake nisiyaguse tena."

"Lakini si kweli. Siwezi kukuacha hivi."

"Ukisema leo, nitakuwa nimemdanganya mzee." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. "Aliyekosa amemweka nyumbani kwake. Mwongo atamweka?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na mshahara, na kwetu kwa kurudi, na hata kosa langu nilikuwa nimebebewa na mwingine. Nikabaki nimesimama pale, sijui niende wapi. Mtoto akakohoa mgongoni mwa mama yake, mara moja, mara mbili, akanyamaza.

Bibi akatokea mlangoni, kanga ya kuswalia bado kichwani. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Mwalimu, mbona umesimama hapo? Una neno?"

Yule mama aliinamia moto akaanza kupuliza, mabega yamekakamaa kama ya mtu anayengoja kipigo.

"Sina neno, Bibi," nikasema.