Risasi Nne za Kibali Changu

Dwain alipoondoka alichukua friza pamoja na nyama iliyokuwamo. Nyama ile niliikata mimi, nikaifunga kwa karatasi mimi, na kila kifurushi nikakichora alama yangu, duara kwa paja na mistari kwa mbavu, maana kuandika kwangu ni kwa shida. Sasa anaila na yule mwanamke wa duka la chakula cha mifugo. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na hata alama zangu kazibeba.

Vitu viwili aliviacha. Meza ya kutengenezea risasi, kwa sababu imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya karakana. Na bunduki ya marehemu baba yangu, kwa sababu aliiona kuukuu.

Huku kwetu Montana, kibali cha kuua dume la elki, yule kulungu mkubwa kama farasi, kwenye vilima vya kaskazini hutolewa kwa kura. Niliomba miaka tisa. Mwaka ule ule alioniacha ndipo jina langu likatoka. Dume mmoja, wiki tano. Nikimpata, nina nyama mpaka theluji iyeyuke. Nikimkosa, nitakula maharage ya kopo huku nikisikia kicheko cha Dwain hadi kanisani.

Orrin, mdogo wake Dwain, ndiye peke yake wa upande ule aliyeendelea kuja kwangu.

"Shemeji, si ununue tu risasi za dukani?" aliniuliza.

"Bunduki ya baba haizitaki. Inazitawanya kama kuku walioona mwewe."

"Daftari la vipimo si kaondoka nalo Dwain?"

"Daftari lake lina maandishi. Mimi nina mikono. Unadhani nani alikuwa anavuta mkono wa mashine hii ya kushindilia risasi miaka yote?"

Orrin alijua. Vikombe vya klabu ya shabaha vina jina la Dwain, lakini risasi zilikuwa zangu.

Nilianza na jambo lile ambalo Dwain alilihubiri kila Jumamosi: kichwa cha risasi kikae mbele kabisa, kiguse pale michirizi ya ndani ya mtutu inapoanzia, kisirukeruke kabla ya kushikwa. Nilikipaka kichwa wino mweusi, nikakiweka kwenye ganda tupu lisilo na baruti, nikafunga bunduki polepole, nikafungua. Hakuna mkwaruzo. Nikakitoa zaidi, nikajaribu tena. Mtutu wa baba umelika kwa miaka, michirizi imerudi mbali. Wino ulipokwaruzwa, risasi ilikuwa ndefu hadi nikaishangaa.

Nilitengeneza za urefu huo, pungufu kidogo tu, nikaenda nazo uwanja wa shabaha. Nilizilisha moja moja kwa mkono. Tatu zikaingia mahali ambapo sarafu moja ingezifunika.

Dwain alikuwepo. Alikuja na darubini yake, akatazama karatasi, akapiga mluzi.

"Haya, bi mkubwa! Kumbe nilikufundisha vizuri."

"Ulinifundisha kukuoshea masufuria."

Watu wakacheka. Naye akacheka, maana akichekwa hujifanya ndiye mwenye mzaha. "Usibadilishe chochote," akasema. "Ukivizamisha vichwa ndani ya maganda utaharibu. Lakini wewe mbishi, utaharibu tu."

Na nakiri, nilirudi nyumbani na ile karatasi nikaibandika ukutani. Niliitazama siku mbili. Nilitaka kwenda mlimani na risasi zile zile alizozipigia mluzi.

Siku ya tatu nikajaribu kuzijaza kwenye magazini, lile boksi la chuma lililo tumboni mwa bunduki. Hata moja haikuingia. Ncha iligonga ukuta wa mbele, kitako kikabaki nje. Ndiyo desturi ya Dwain na wenzake: wanatengeneza risasi kwa ajili ya karatasi, mezani, wakiilisha bunduki moja moja kama mtoto anayelishwa uji. Elki hakungojei ulishe.

Nikaibandua karatasi.

Nilipima magazini kwanza, kisha nikaacha nafasi ya unene wa ukucha mbele ya ncha, kwa sababu bunduki inapopiga teke, risasi zilizobaki ndani husukumwa mbele na kubonyea. Baruti nayo niliianza upya kutoka chini, maana kichwa kikizama ndani zaidi kinaipunguzia nafasi, bunduki inaweza kunipasukia usoni, na sina macho ya akiba. Nikatengeneza za vina vinne vya kuzamisha kichwa, kila kina risasi tatu. Kina cha kwanza kilitawanya. Cha pili vilevile. Dwain alikuwa uwanjani tena, safari hii na mwanamke wake.

"Si nilisema?" alimwambia kwa sauti ili nisikie. "Hashauriki huyu."

Sikugeuka. Cha tatu kikakusanyika, si kama sarafu, kama kiganja cha mtoto. Cha nne kikaharibika tena. Nikachukua cha tatu. Nyumbani nikatengeneza ishirini, nikazipitisha zote kwenye magazini nne nne, kadiri inavyobeba, na iliyosita hata kidogo nikaitenga.

Wiki ya nne, asubuhi yenye upepo, mimi na Orrin tulimwona dume akitoka kwenye misonobari. Nilipovuta kifyatulio, akageuka. Risasi ikampata nyuma sana. Nilijua kabla ya Orrin kusema.

"Umempiga vibaya, shemeji! Anashuka korongoni!"

Ng'ambo ya korongo ni shamba la mtu asiyeruhusu kuvuka. Angefia huko, nyama ioze. Sikuinua shavu kutoka kwenye bunduki. Nilivuta komeo la bunduki nyuma, nikalisukuma mbele, na risasi ya pili ikapanda kutoka kwenye magazini bila kugusa kitu, laini kama siagi. Nikapiga. Akapiga magoti, akalala, hatua kumi tu kutoka ukingoni.

Orrin alivua kofia. Mimi nilichomoa kisu.

Tulimkata siku nzima, tukambeba kwa farasi wa Orrin. Friza niliyopewa na dada yangu ilijaa hadi kifuniko kikahitaji kukaliwa. Vifurushi nilivichora, duara na mistari.

Jumapili Orrin alikuja kula ini. Alizungukazunguka maneno, mwishowe akayatoa.

"Kaka anauliza. Bunduki yake mpya inamgomea magazini. Anataka kujua wewe ulizamisha kiasi gani."

"Mwambie kipimo changu ni cha bunduki ya baba yangu."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Na mwambie aanze na magazini. Ongeza vitunguu, shemeji, ini litapoa."