Alama Tisa kwenye Mpini wa Wembe

Nyie mnaonicheka pale sokoni mnaijua nusu tu ya habari hii, kwamba nilisimama kwenye msiba wa baba mkwe wangu nikataja bei ya mali ya marehemu. Ni kweli, sikatai, ila hiyo ndiyo sehemu yake nyepesi, na leo nawapa ile nzito, maana aibu ukiificha nusu inazaa riba.

Kazi yangu ni kununua vyombo vya zamani na kuviuza vikiwa vinang'aa, hapa hapa Mpanda mjini, na ugonjwa wangu mnaujua, nahesabu kila kitu mara mbili (hata sadaka, mchungaji ameshanikanya). Basi baba mkwe alipofariki kule Kasokola, siku chache kabla ya kuondoa matanga tulikuwa tunasafisha stoo yake, mimi na shemeji yangu Ezekieli, kaka wa mke wangu, na ndani ya kopo la maziwa lililojaa misumari nikaukuta wembe. Siyo hizi za dukani. Wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani unaolala ndani ya mpini wake, na mpini wenyewe ni pembe ya ng'ombe, mzee aliununua ujanani kwao Burundi kabla hawajakimbilia huku. Kutu ilikuwa imeula, lakini chuma cha zamani nakijua kwa uzito.

"Chukua tu, shemeji," Ezekieli akasema. "Huo hata manyoya ya kuku haukati."

Mtu mwenye akili angeshukuru akanyamaza. Mimi sijazoea kupewa kitu bila kubishana, nikasema nitatoa kuku mmoja, kisha nikaanza kuishusha bei niliyoitaja mwenyewe: kutu hii hapa, na mpini umechanjwa, tazama, moja, mbili, mpaka tisa, nikarudia kuanzia upande wa pili, tisa, wembe wenye makovu tisa haufikii kuku mzima. Ezekieli akacheka, akasema basi leta kifaranga. (Hata hicho sikuleta.)

Wazo langu lilikuwa jema. Siku ya kuondoa matanga watoto wa marehemu wananyolewa, nikaona wanyolewe kwa wembe wa baba yao, na mama mkwe, ambaye miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kunisifia zaidi ya kusema "umefika", siku hiyo apate neno la kuongeza. Nikaulaza wembe kwenye mafuta ya taa, nikausugua kwa msasa laini, nikaunoa kwenye jiwe, nikaumalizia kwenye mkanda wangu wa ngozi mpaka ukawa unakata unywele kabla unywele haujajua. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini chuma kilivyong'aa nikaona mpini unakitia aibu, nikaupiga msasa nao, nikaupaka mafuta ya karanga, ukawa laini kama peremende iliyonyonywa.

Siku yenyewe watu wamejaa uani, watoto sita wa marehemu wamekaa kwenye mkeka, mke wangu Dafroza akiwa wa mwisho, nikaomba nafasi ya kuongea. Hakuna aliyeniita. Nikasema wembe wa mzee umefufuka (neno la kusema msibani, hilo), nikaukunjua, jua likaupiga, watu wakaguna kwa kupendezwa, ukapita mkono kwa mkono. Jirani mmoja akauliza, "Huu mjini unaendaje?" na mimi, kwa mazoea tu, mdomo ukataja bei, tena nikaongeza kwamba kwake tunaelewana. Dafroza akainamisha kichwa. Nilidhani ameanza kulia.

Wembe ukamfikia mama mkwe. Macho yake yana ukungu siku hizi, anaona kwa vidole. Akapitisha dole gumba kwenye mpini, akaugeuza, akapitisha tena.

"Huu siyo."

"Ndiyo wenyewe, mama."

"Alama ziko wapi?"

"Nimezitoa zote," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno.

Mama mkwe akasema taratibu, kama anayemweleza mgeni njia, kwamba kila mtoto aliponyolewa nywele za kwanza, mzee alichanja alama moja hapo. Hawa sita wapo, wanaonekana. Wengine hawana kaburi linalojulikana. "Mimi nilikuwa nawashika hapa," akasema.

"Naweza kuzichanja upya, mama, bila gharama."

"Kwa mkono wa nani?"

Wakaenda kununua wembe wa dukani, watoto wakanyolewa kwa huo, na mimi nikasimama karibu na zizi la mbuzi nikitafuta namna ya kuondoka bila kupita mbele za watu. Ndipo mama mkwe akaniita.

"Mkwe, wewe si unahesabu kila kitu. Zilikuwa ngapi?"

"Tisa, mama. Nilirudia."

"Zilikaaje?"

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia mbili za mwanzo zilibanana. Akasema, "Mapacha. Melania na Siliveri. Tuliwaacha kule." Nikasema baada yao palikuwa na nafasi. Akasema, "Hapo tulikuwa njiani." Nikasema kisha moja fupi, peke yake. "Yosiya," akasema. "Huyo alinyolewa mara moja tu." Ezekieli, mtu mzima mwenye wajukuu, akageuka kuniangalia, maana jina hilo alikuwa hajawahi kulisikia.

Sasa nikienda Kasokola mama mkwe hasemi tena "umefika". Anautoa ule wembe kwenye kanga, ananishikisha, anasema, "Niambie zilivyokaa," na mimi nagusa mpini usio na kitu, naanza na zile mbili zilizobanana. Na mtu akiniletea chombo cha zamani sokoni, kabla sijagusa msasa namuuliza kila mkwaruzo ni wa nani, watu wanasema nimezeeka. Waacheni waseme. Wale watoto watatu leo nawakumbuka mimi, na niliwahesabu ili nisitoe kuku.