Mwonjaji wa Kundi Letu

Katika kundi letu la wapishi, nyama hailiwi kabla mwonjaji hajaipitisha. Huko uani, hukata kipande pembeni mwa jiko la mkaa, hufumba macho, hutafuna upande mmoja tu, kidole kimoja juu kutuzuia tusimsemeshe. Sisi na njaa zetu tunasubiri. Jumapili hii alitafuna, akameza, akatoa hukumu: "Chumvi imekolea vizuri." Nikatazama pakiti ya chumvi mkononi mwangu. Ilikuwa bado haijafunguliwa. Nilipotaka kusema, mkewe akanikanyaga mguu. "Mwache, shemeji," akaninong'oneza. "Tangu augue, ulimi hausikii ladha." Nikaitia pakiti mfukoni. Tukala chukuchuku, na kila aliyekunja uso alikanyagwa mguu mpaka akaomba kuongezewa.