Mama Pudentienne na Shule Waliyosema Inazama

Mama Pudentienne ni mwashi, au masoni kama tunavyosema kwetu. Naandika hivyo mwanzo kabisa kwa sababu mgeni akija mtaani kwetu Mulongwe kutafuta mwashi, huwa anatafuta mwanaume, naye anampita hapohapo mlangoni pake. Alizaliwa Luvungi, akaletwa Uvira na shangazi yake akiwa na miaka minane, akasoma hadi darasa la sita katika shule ya zamani tunayoiita Milango Kumi. Alipokuwa msichana aliwabebea waashi maji na mchanga. Walipokwenda kula, yeye alibaki anapanga matofali mawili matatu, anayabomoa, anayapanga tena. Ukuta wake wa kwanza, wa jiko lake mwenyewe, ulianguka mara mbili. Wa tatu ungali umesimama. Nimeuegemea mara nyingi.

Mwaka jana kamati ya wazazi ilimwita ikampa kazi: abomoe Milango Kumi, matofali yakajenge shule nyingine.

Tangu mto Mulongwe ulipofurika mwaka 2020, hakuna aliyekuwa amesoma humo. Sisi wanafunzi tulisoma kwa zamu katika mabanda ya mbao kule Rugenge, na mvua ikinyesha mwalimu alinyamaza, maana mabati yalipiga kelele kumshinda. Kila mtu alijua kwa nini shule iliachwa: inazama. Zamani ulipanda ngazi tano kufika mlangoni. Sasa uliingia moja kwa moja kutoka uwanjani. Madirisha yaliyokuwa juu ya kichwa cha mtu mzima, sasa uliyakalia. Ardhi imemeza ngazi, walisema, kesho itameza watoto. Mimi niliamini kabisa. Ningekataaje, na hayo madirisha nimeyakalia?

Kabla ya kubomoa, Mama Pudentienne alikwenda kupima. Tulimkuta na ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejaa maji, ambao waashi wanautumia kujua kama ukuta umelala sawa. Binti yake Claire, ninayesoma naye, alishika ncha moja kwenye pembe ya jengo, mama akashika nyingine. Wakazunguka pembe zote nne. Kila mahali maji yalisimama kwenye mstari uleule wa matofali. Wakarudia. Vilevile. Mama akakaa chini, akacheka peke yake.

"Mama, iko nini?" Claire akauliza.

"Nyumba yenye kuzama inainamaka upande moja, mwanangu. Hii haijainama hata kidole. Haikushuka. Udongo njo ulipanda!"

Alhamisi akasimama mbele ya kamati, na banda lilijaa watu hadi nje.

"Papa Président," akamwambia Bwana Frédéric, mwenyekiti, "minye sibomoi."

"Weye tulikuita kubomoa, hatukukuita kutufundisha."

"Sasa nabomoa nini? Shule iko muzima. Mafuriko ilileta muchanga, ikafunika ngazi. Tuchimbe tu."

Emery, mwashi mwenzake, akaruka. "Hata mutumbwi inazamaka sawasawa ikijaa maji! Mama Puda, na mupira yako, kesho utaenda kupima na ziwa?"

Watu wakacheka hadi benchi moja ikavunjika. Mama akangoja wamalize.

"Muzuri, Emery. Unakumbuka robine ya maji ya kule katikati ya uwanja? Tulikuwa tunaweka ndoo chini yake. Leo mudomo yake iko wapi?"

Emery akajikuna shingo. "Inagusa muchanga."

"Kumbe na robine ilizama! Ama ilikuwa inabeba shule kwa mugongo?"

Sasa kicheko kikageukia upande mwingine. Bwana Frédéric akapiga meza.

"Jumamosi iko salongo. Kila nyumba inatoa mutu, na badala ya kufagia barabara, tutachimba pale kwa mulango. Lakini weye Mama, sikia. Kama tunakuta shule ilishuka, Jumatatu weye mwenyewe unapiga nyundo ya kwanza, mbele ya batoto."

"Nakubali. Na mupira yangu nitamupa Emery, niache kazi ya umasoni."

Claire aliniambia kwamba mama yake hakula siku hiyo wala kesho yake.

Jumamosi tulikuja na majembe, ndoo, hata sahani. Udongo ulitoa viatu, vijiko, kibao cha kuandikia. Ngazi ya kwanza ikatokea, ya pili, ya tatu. Wengine walianza kushangilia, Mama Pudentienne akawakatalia. Ngazi hazikuthibitisha kitu, zingekuwepo hata kama shule ingekuwa imezama. Alichotaka kilikuwa chini zaidi: uwanja wa zamani wa mawe, uliojengwa ukaungana na ngazi ya mwisho. Shule ikishuka mita nzima pamoja na ngazi zake, lazima ijitenge na mawe hayo na kuyavunja.

Saa nne tulifika huko chini. Mama Gloriose, jirani yake, akamwaga ndoo ya maji, matope yakakimbia, mawe yakaonekana. Nilitegemea Mama Pudentienne apige magoti aangalie. Hakuangalia. Alimpa Emery msumari.

"Weye njo masoni. Tafuta ufa."

Emery akapiga magoti kwenye matope na suruali yake safi. Akapitisha msumari pale ngazi inapokutana na mawe, polepole, kuanzia kushoto. Alifika mwisho, akarudi tena hadi mwanzo. Kisha akainuka.

"Haiingie," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akageukia watu, akapaza sauti kama yeye ndiye aliyeshinda: "Haiingie, batu! Shule haikutikisika!"

Vigelegele vilitoka kila upande. Wazee waliosoma humo walishuka shimoni kugusa mawe kwa mikono. Bwana Frédéric akapanda ngazi zote tano, akasimama mlangoni, akauliza nani bado anataka kubomoa. Hakuna mkono ulioinuka. Akaandika palepale, karatasi juu ya goti, akasoma kwa nguvu: Milango Kumi haibomolewi, inasafishwa na kutengenezwa, na mkubwa wa kazi ni Mama Pudentienne.

Akina mama walitaka kumbeba. Akawasukuma, uso umejaa matope na machozi.

"Niacheni kwanza! Huu mulango moja tu. Iko bado tisa. Emery, leta jembe."