Kiti Kilicholowa Saint-Gilles

“Dada, unafundishaka mutoto wangu luga gani?” Maman Riziki aliniuliza hivyo.

Nakusimulia lililonipata mwenyewe. Nimesomea kemia, siamini mizimu, na jambo hili nimejaribu kulikana mara nyingi. Nimeshindwa.

Nikisoma Brussels, nilikuwa nimepanga chumba kwa Maman Riziki, mama kutoka Uvira, Kongo, katika nyumba kuukuu ya mtaa wa Saint-Gilles. Ghorofa ya chini yetu iliishi familia ya Kimoroko yenye watoto mapacha; vicheko vyao vilipenya sakafuni kutwa nzima. Jioni, Maman Riziki akiwa kazini, nilimfundisha Kiswahili binti yake Neema, wa miaka sita. Bibi yake alikuwa mgonjwa kule Uvira, na alitaka kitu kimoja tu: asalimiwe na mjukuu wake kwa lugha ya nyumbani kabla hajafumba macho. Neema alijibu kila kitu kwa Kifaransa.

Jioni moja ya Novemba, mvua ikinyesha, mlango uligongwa. Watu wa Brussels huuliza kwanza, “C’est qui?”, yaani ni nani. Mimi nimelelewa Tanga. Nilikuwa jikoni, mikono ina unga, nikaitikia kama tulivyozoea: “Karibu.”

Niamini, mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo.

Nilipotoka jikoni, bibi mmoja wa Kizungu alikuwa ameketi mbele ya Neema. Koti limelowa chapachapa, viatu vina tope jeusi lenye nyasi. Tope hilo, mjini hapa, kalitoa wapi? Alitamka polepole maneno ya lugha nisiyoijua, na Neema akayarudia vizuri kuliko alivyowahi kurudia yangu.

“Madame, unamtafuta nani?”

Akaweka kidole mdomoni, kama mwalimu aliyekatizwa somo. Nilipogeuka kuchukua simu, kiti kilikuwa kitupu, kinachuruzika maji.

Sikumwona tena, ila kila jioni kiti kile kililowa.

Jumapili bibi yake Neema alipiga simu kutoka Uvira. Neema alizungumza naye kwa furaha, maneno ambayo hatukuelewa hata moja. Bibi akamkatiza: “Riziki, huyu hapana mutoto wetu. Nani iko nyuma yake?” Ndipo Maman Riziki akanigeukia na lile swali.

Kesho yake niliificha simu kabatini, inarekodi. Neema alikiambia kiti sentensi moja. Tangu hapo kiti kikakaa kikavu, Kiswahili kikamwingia, na bibi wa Uvira akapata salamu yake, akalia. Wakati huohuo vicheko vya chini vilikoma. Sikufikiri lolote. Kabla ya Krismasi familia ile ilihama.

Siku hizi siitikii hodi kabla sijamwona mtu. Mama yangu anasema Ulaya imeniharibu adabu. Nawe uliza kwanza, hata ukionekana huna adabu.

Miaka ilipita ndipo mwanafunzi mwenzangu wa zamani kutoka Ayalandi aliposikiliza rekodi ile. Ni Kiayalandi, alisema, cha bonde ambalo sasa halina watoto. Zamani walimu wanawake walizunguka huko kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji, wakiifundisha lugha isife. Kisha akanitafsiria alichosema Neema:

“Mwalimu, chini kuna watoto wawili.”